Zifungieni, Msizichome

Leo hatuna mapishi wala namna ya kutunza nywele wakati wa kaskazi. Leo tuna ugomvi, na tunauleta hapa kwa sababu tumechoka kuusikia ukisemwa kwa jina letu.

Ugomvi wetu ni na wanaotaka filamu za kutisha zilizowahi kupigwa marufuku zifutwe kwenye hifadhi za mtandaoni, isibakie hata nakala moja. Ukiwauliza kwa nini, wanajibu: kwa ajili ya mama na mtoto. Hapo ndipo tunaposimama na kusema, ngojeni kidogo. Mama gani huyo mliyemuuliza?

Tuseme mapema tulipo. Wengi wetu tunaoandika hapa hatutazami filamu za kutisha. Mwenzetu mmoja akiona tangazo lake tu, usiku halali mpaka taa iwashwe ukumbini. Wenetu hawazitazami, na simu zetu zina kufuli kwa ajili hiyo. Hatumwambii mtu azitazame, wala hatusemi kila filamu iliyofungiwa ni lulu. Nyingine ni takataka. Tunachosema ni kwamba kufungia ni jambo moja na kuangamiza ni jambo jengine kabisa. Mtu akiweka kisu juu ya kabati mtoto asikifikie, tunamwelewa. Akikitupa baharini halafu akaapa kwamba nyumba hii haijawahi kuwa na kisu, huyo ana lake.

Tuanze na mwanamke mwenzetu, mjane. Mwaka 1922 Ujerumani ilitoa filamu ya Nosferatu, iliyoongozwa na F. W. Murnau, kuhusu mnyonya damu anayesafiri kwa meli na kuja na tauni mjini. Kisa hicho watengenezaji walikichukua kwenye riwaya ya Dracula, ya mwaka 1897. Walibadilisha majina ya watu, lakini ruhusa hawakuomba na malipo hawakutoa. Mwandishi, Bram Stoker, alikuwa ameshafariki tangu 1912. Aliyebaki na haki za kitabu ni mkewe, Florence. Mama huyo akaenda mahakamani, na sisi tuko upande wake: mali ya mjane haichukuliwi kimyakimya kwa kuwa mumewe hayupo. Lakini kampuni iliyotengeneza filamu ilikuwa imeshafilisika. Fedha haikuwepo. Mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala zote za filamu ziharibiwe.

Hebu tulitazame hilo kwa utulivu. Florence alidai haki ya mali, akapewa uharibifu. Kuharibiwa kwa nakala hakukumwingizia hata senti moja. Na filamu yenyewe haikufa, maana nakala zilikuwa zimeshatoka nje ya Ujerumani, na kutokana na hizo wataalamu wameiunganisha tena kipande kwa kipande. Leo imo katika hifadhi za mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuitazama bure, na ndiyo inayotajwa kila inapoelezwa filamu za mnyonya damu zilikotoka. Kama amri ile ingetekelezwa sawasawa, sisi tungebaki na neno la upande mmoja tu kwamba iliwahi kuwepo filamu iliyomdhulumu mjane. Wizi wenyewe unaonekana kwa sababu filamu ipo: unaweka kitabu huku, filamu huku, unalinganisha.

Bahati ile haikuziangukia filamu nyingi. Maktaba ya Bunge la Marekani ilichapisha ripoti mwaka 2013 kuhusu filamu ndefu zisizo na sauti zilizotengenezwa nchini humo kati ya 1912 na 1929. Zilikuwa karibu 11,000. Zilizobaki kamili, katika umbo lake la asili, ni asilimia 14 tu. Nyingi hazikupigwa marufuku na mtu. Zilitupwa, zilioza, ziliungua. Kwa hiyo anayesema "tuifute hii moja" azijue hesabu hizo. Filamu hazihitaji msaada wetu ili zipotee.

Sasa tufike kwenye ile ambayo kwetu sisi ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni Freaks ya mwaka 1932. Mwongozaji wake, Tod Browning, aliwakusanya watu waliokuwa wakifanya kazi kwenye sarakasi na maonyesho ya Marekani, watu wenye ulemavu wa kweli, bila ya kuwabandika sura za bandia. Wamo Daisy na Violet Hilton, pacha walioungana. Yumo Frances O'Connor, mwanamke asiye na mikono, anayekula na kunywa kwa miguu yake kama mtu anayefanya jambo la kila siku, maana kwake lilikuwa la kila siku. Yumo Prince Randian, asiye na mikono wala miguu, anayewasha sigara kwa mdomo. Kisa chenyewe ni cha mwanamke mzima wa mwili, mrembo, anayeolewa na mwanamume mfupi sana kwa ajili ya mali yake na kuanza kumtilia sumu. Wenziwe wakagundua, wakamlipizia.

Watazamaji wa majaribio walichukia. Studio ya MGM ikaikata kutoka kama dakika 90 mpaka dakika 64 hivi. Uingereza ikaipiga marufuku kwa takriban miaka thelathini. Vile vipande vilivyokatwa havijaonekana mpaka leo.

Walioikataa walisema inachukiza. Tunawauliza: kilichokuchukizeni ni nini hasa? Ni ulipizaji kisasi wa mwishoni, usiku, kwenye matope na mvua? Huo kweli unatisha, na ni halali kuuliza kwa nini watu wenye ulemavu wafanywe ndio kitisho. Au ni yale ya katikati ya filamu: mwanamke mwenye ndevu amejifungua, wenzake wanakuja kumpongeza; pacha walioungana, mmoja anachumbiwa; watu wanaanika nguo, wanataniana, wanakula karamu ya harusi? Kama kilichochukiza ni kuwaona watu hawa wakiolewa na kuzaa, basi uchafu haukuwa kwenye filamu, ulikuwa kwenye jicho la aliyekaa kitini.

Lakini hatutaki kuwapambia. Yule mwanamke mwenye ndevu, aliyejulikana kwa jina la jukwaani Olga Roderick, baadaye alimwambia mwandishi wa gazeti kwamba anajuta kuigiza humo, na kwamba filamu ile ni tusi kwa watu wote wa maonyesho kama yeye. Neno lake lina uzito kuliko letu. Wapo watu wenye ulemavu leo wanaokubaliana naye, na wapo wanaosema hapana, ile ndiyo mara moja walipoona watu kama wao wakiishi kwenye skrini. Mjadala huu ni wao, na wanaweza kuujadili kwa sababu dakika 64 zimebaki. Zile zilizokatwa hatuzijui. Huenda zingempa Olga haki zaidi. Huenda zingewapa wenzake. Aliyeshika mkasi aliamua kwa niaba ya wote na hakuacha hata ushahidi wa uamuzi wake.

Kuna filamu nyengine ya Browning huyo huyo, London After Midnight ya 1927, ambayo leo inatazamwa kwa picha za mnato tu. Nakala ya mwisho iliyojulikana inaaminika iliungua kwenye ghala la MGM mwaka 1965. Basi.

Tunarudi kwenye jina la mama. Pahala lilipotumiwa waziwazi kuliko kote ni Uingereza, miaka ya mwanzo ya 1980, deki za video zilipoingia majumbani. Kabla ya hapo filamu ilipita kwenye bodi, ikaenda sinema, na mlangoni kulikuwa na mtu wa kumrudisha mtoto. Kanda za video hazikuwa na mlango huo. Zilikodishwa dukani karibu na maziwa na mikate, zenye makasha ya damu na visu, na wazazi wakashtuka. Kushtuka kwao tunakuelewa sana. Nani kati yetu hajashtuka na simu? Kiongozi wa kelele alikuwa mwanamke, Mary Whitehouse, mwalimu wa zamani aliyekuwa akipambana na televisheni tangu miaka ya 1960. Magazeti yakafuata. Mwendesha mashtaka mkuu akatoa orodha ya filamu, ambayo katika mabadiliko yake ilifikia majina 72, na 39 kati ya hizo zilipatikana na hatia mahakamani. Bunge likapitisha sheria mwaka 1984.

Katika hayo, tunayo malalamiko matatu kama akina mama.

La kwanza, Bi Whitehouse alisema wazi kwamba yeye hakuwa na haja ya kuzitazama filamu hizo. Wabunge nao walioneshwa mkusanyiko wa vipande, damu juu ya damu, bila ya kisa. Ukikusanya vipande vya harusi ya mtu ukaacha vile vya ugomvi wa jikoni pekee, utasema walioana ili wapigane. Hukumu ya namna hiyo hatuikubali hata kwa mtoto aliyevunja kikombe; tunamwuliza kwanza.

La pili, walidai watoto wengi mno wa Kiingereza wameshaziona filamu hizo. Watafiti wakajaribu jambo dogo tu: wakawauliza watoto kuhusu filamu ambazo hazipo, majina ya kubuni. Watoto wengi wakajibu kwamba wameziona! Kila mwenye mtoto wa miaka kumi na moja anajua hilo bila ya utafiti. Lakini sheria iliandikwa kwa hesabu za aina hiyo, na mama akawekwa mbele kama ngao.

La tatu linachekesha kama halikuumizi. Kwa kuwa polisi waliingia madukani wakitazama makasha na majina, inasimuliwa kwamba walichukua hata filamu ya muziki ya Dolly Parton, The Best Little Whorehouse in Texas, kwa sababu ya neno lililomo kwenye jina. Dolly Parton! Ambaye nyimbo zake zimepigwa kwenye redio za Afrika Mashariki mpaka bibi zetu wanazijua.

Na mwaka 2009 ikagundulika kwamba sheria yenyewe ya 1984 haikupelekwa kwa Tume ya Ulaya kama ilivyotakiwa, hivyo kwa miaka 25 haikuwa na nguvu ya kumshitaki mtu. Ilibidi ipitishwe upya 2010. Watu walikuwa wameshafilisika, na yupo msambazaji aliyekwenda jela katika msako ule. Leo filamu nyingi kati ya zile 72 zinauzwa Uingereza kwa ruhusa ya bodi ile ile, pamoja na The Evil Dead ya Sam Raimi, ambaye baadaye alikabidhiwa filamu za Spider-Man ambazo wenetu wamezitazama kwa ridhaa yetu. Kanda zilizokamatwa zilikwenda motoni. Waliozihifadhi nakala ni wapenzi wa filamu, kwenye masanduku.

Mtatuuliza, na ni swali la haki: ina maana hakuna kitu kibaya cha kutosha? Kipo. Cannibal Holocaust ya Ruggero Deodato, Italia, 1980. Ilikamatwa na mahakama muda mfupi baada ya kuoneshwa Milan, na mwongozaji akashukiwa kwamba ameua waigizaji wake kweli. Ikabidi aoneshe kwamba wako hai. Waigizaji walikuwa hai. Wanyama hawakuwa hai. Kobe wa majini, nyani, nguruwe na wengine waliuliwa kweli mbele ya kamera, na mnyama hakusaini mkataba na mtu. Sisi hatutaitazama filamu hii, wala hatutamshauri yeyote aitazame. Deodato mwenyewe baadaye alisema anajutia mauaji yale.

Hata hiyo tunasema isiangamizwe, na sababu yetu si huruma kwa Deodato. Filamu ile ni shahidi dhidi ya walioitengeneza. Ukiifuta, miaka hamsini baadaye atatokea mtu aseme ni uzushi, hakuna mnyama aliyeumizwa, ni maneno ya wapinzani. Uingereza ina sheria ya mwaka 1937 inayokataza kuonesha mnyama aliyefanyiwa ukatili kwa ajili ya filamu, na mwaka 2011 bodi ya huko ilipoipitisha iliondoa sekunde 15 za mauaji ya mnyama mmoja mdogo. Unaweza kuukubali uamuzi huo au kuukataa, lakini umeandikwa, una tarehe, una sababu, na filamu nzima bado iko mahali pa kulinganishia. Hivyo ndivyo mtu mzima anavyofungia kitu.

Mpaka wetu ni huu, na hatuna haja ya kuupamba: picha ambazo ndani yake mtu wa kweli anabakwa, anateswa au mtoto anadhulumiwa hizo hatuziiti filamu. Ni ushahidi wa jinai, mahali pake ni polisi na mahakamani, na hifadhi yoyote inayoziweka haina utetezi kwetu. Wanaochanganya hayo na mwigizaji aliyepakwa rangi nyekundu wanawapunguzia uzito waliodhulumiwa kweli.

Tukishawasema wachomaji, tusiwasahau wenye hifadhi, maana na wao wana lao. Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, ni hazina. Humo ndimo ilimo Night of the Living Dead ya George Romero, 1968, kwa uhalali kabisa: msambazaji alipobadilisha jina la filamu alisahau kurudisha alama ya hakimiliki kwenye utangulizi, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule ikawa mali ya umma. Kosa la karatasi moja likaifanya filamu ile kutazamwa na kunakiliwa duniani kote, na mwaka 1999 Maktaba ya Bunge ikaiingiza kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa kitaifa. Mweusi ndiye mwenye akili timamu katika filamu ile, akiigizwa na Duane Jones, na mwisho wake unauma.

Lakini ingieni muone jinsi wapakiaji wanavyotupa vitu kwenye mtandao. Filamu haina mwaka. Haina jina la mwongozaji. Hujui hii ni nakala iliyokatwa au kamili, ya dakika ngapi, imetoka kwenye mkanda gani. Hakuna onyo kwamba ndani kuna ubakaji wa kuigizwa, au mnyama aliyekufa kweli. Picha ya mbele wamechagua ile ya mwanamke anayepiga kelele, nguo zimechanika, ili ubonyeze. Hiyo wanaiita hifadhi? Kabati lisilo na lebo ni jaa. Mwanafunzi wa kike anayetaka kuandika kuhusu namna wanawake walivyoumizwa kwenye filamu hizi, na wapo waliofanya hivyo, kama Carol Clover aliyechapisha kitabu kizima mwaka 1992, anahitaji kujua anatazama nakala ipi. Mzazi naye anahitaji mlango: umri, onyo, na ukurasa usiojiendesha wenyewe kutoka katuni hadi kichinjio. Haya mawili hayapingani hata kidogo. Anayelinda nakala vizuri ndiye huyo huyo anayelinda mlango vizuri.

Na wasijidanganye kwamba mahali pamoja panatosha. Oktoba 2024 hifadhi hiyo ilivamiwa, ikazimwa siku kadhaa.

Kwetu je? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alikuwa akitengeneza filamu za Kiswahili za kutisha, Nsyuka na Shumileta, zenye majini na mizimu ya kwetu. Kuna waliozipenda na kuna waliosema ni ushirikina mtupu. Zilisambaa kwa kanda za VHS, na mkanda wa VHS kwenye hewa ya chumvi ya visiwani hauhitaji bodi ya sensa, ukungu unaumaliza. Wale waliosema ni ushirikina na wale waliosema ni sanaa wote watakosa cha kuoneshana.

Basi dada, kama sandukuni kwa mama au kwa shangazi kuna kanda za zamani, zenye lebo za kalamu zilizofifia, usizitoe na takataka za Ramadhani. Zitazame kama zina ukungu, na zikiwa nao usizitie kwenye deki, utaharibu mkanda na deki. Zisimamishe wima, pakavu, mbali na dirisha na spika. Andika kwenye karatasi jina, mwaka kama waukumbuka, na nani aliinunua wapi. Ukiwa na deki inayofanya kazi, au unamjua mwenye kuweza kuzihamisha kwenye kompyuta hapa Unguja au Pemba, tuandikie chini tuunganishe watu.